Kuweka mwendo wa trimu ya elevata kwenye ndege ya kujijengea: kipimo ni mkono wako, si sevo

Nianze na siku trimu, kile kifaa cha kukuondolea uzito wa stiki mkononi, iliponikimbia. Nimetoka Kajjansi, kiwanja kidogo cha ndege karibu na Kampala, asubuhi, niko peke yangu, napanda, kitufe cha trimu kwenye stiki (fimbo ya kuongozea ndege) kikanasa. Mimi nimeshaachia kidole lakini sevo, ile mota ndogo ya trimu, inaendelea tu kukimbia, pua inapanda na mimi nasukuma stiki mbele kama mtu anayesukuma taksi iliyozama matopeni. Mpaka nimegundua fyuzi iko wapi na kuichomoa, kibao kilishafika mwisho kabisa na hakuna tena kukirudisha. Nikapunguza nguvu ya injini, nikazunguka, nikatua, mikono inatetemeka mpaka nikashindwa kufungua kifuniko. Na kosa halikuwa la kitufe peke yake, vitufe vinanasa, hiyo ni kawaida ya vitufe. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliipa trimu mwendo mkubwa kuliko mkono wangu unavyoweza kushindana nao.

Niliweka sevo kubwa kuliko ya kwenye michoro kwa sababu ndiyo niliyoipata, na chini, kwenye banda, kibao kilivyokuwa kinapanda na kushuka sana nikaona hii ndiyo trimu ya wanaume. Kwa hiyo huu mwongozo ni kwa wewe unayejenga, au umenunua ndege aliyoijenga mwingine, na unataka kujua kibao kiende digrii ngapi juu, ngapi chini, na utajuaje kwamba imetosha.

Maneno kwanza tusichanganyane. Elevata ni lile bawa dogo la nyuma linalopandisha na kushusha pua. Kibao cha trimu ni kile kipande kidogo kilichofungwa kwa bawaba nyuma ya elevata (wengine wanakiita tabu, na ukikiweka vibaya jina linakifaa kabisa). Kimkono ni kile kichuma kinachosimama juu ya kibao, chenye tundu, na rodi ndiyo inayotoka kwenye sevo kuja kusukuma kimkono. Kama trimu yako ni ya waya na lever, hesabu ni zilezile, ila mwisho wa mwendo unauweka kwenye lever.

Halafu hili lishike kabla ya yote: kibao kikishuka, pua inapanda. Kibao kinafanya kazi kinyume, upepo unakisukuma juu, nacho kinabeba elevata juu, elevata ikipanda mkia unashuka na pua inakwenda juu. Nimeona fundi mzuri kabisa, wa miaka mingi kwenye magari, akafunga waya kinyume kwa sababu kichwani mwake "juu ni juu". Bonyeza kitufe cha pua juu, nenda nyuma mwenyewe ukatazame, ukingo wa nyuma wa kibao ushuke. Usimtume mtoto akuangalizie akupigie kelele "sawa mzee!".

Sasa kazi.

Kitu cha kwanza hakihusu trimu hata kidogo, ni elevata yenyewe. Hakikisha stopu zake (vizuizi vya mwisho wa mwendo) ziko sawa na michoro, juu na chini, maana ukianza kupima kibao wakati elevata haijawekwa sawa utapima uongo. Ukimaliza, ifunge elevata iwe kwenye mstari mmoja na stabilaiza (lile bawa la mkia lisilosogea, lililobeba elevata): mbao mbili nyembamba, moja juu moja chini, kipande cha mpira wa tyubu ya boda katikati ili usikwaruze rangi, klempu kidogo tu, usibane kama unafunga mzigo wa matoke. Isicheze hata milimita.

Kupima digrii, tafuta kipimio cha dijitali kile kidogo chenye sumaku, vinapatikana mjini kwenye maduka ya vifaa vya useremala. Bati la ndege ni alumini, sumaku haishiki, kwa hiyo gundisha kwa maskingi tepu juu ya kipande cha plywood ili uzito usipinde kibao. Weka kibao sawasawa na elevata, bonyeza sifuri, basi kuanzia hapo kila unachosoma ni digrii za kibao. Halafu hakiki kwa rula, kwa sababu betri za hivi vipimio zikichoka vinaanza kusema hadithi. Kama kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma ni milimita 90, digrii 22 zinatakiwa zishushe ukingo karibu milimita 34, na digrii 12 ziupandishe karibu 19. Rula na kipimio wakigombana, simama, tafuta nani anadanganya.

Sasa hesabu, na hapa ndipo nilipoanguka mimi. Sevo haijui digrii, inajua milimita tu. Zile za Ray Allen ambazo wajenzi wengi tunazitumia zina mwendo wa inchi 0.7, kuna za inchi 1.0, na kuna za inchi 1.2, yaani karibu milimita 18, 25 na 30. Digrii zinatokana na urefu wa kimkono, kutoka kwenye pini ya bawaba mpaka kwenye tundu la rodi. Kimkono kifupi, digrii nyingi. Kirefu, digrii chache. Yangu ilikuwa sevo ya inchi 1.2 kwenye kimkono cha milimita 25, nusu ya mwendo ni 15.2, gawa kwa 25 unapata 0.61, tafuta kwenye simu ni digrii ngapi sini yake ni 0.61, karibu 37 na nusu. Kila upande! Ndege yangu ilikuwa haihitaji hiyo hata kidogo. Na kibao kikipita digrii ishirini na kitu upepo unaanza kuachana nacho, kwa hiyo unaongeza breki tu na faida haiongezeki sana.

Unaweza kwenda kinyume, yaani uamue digrii kwanza ndio utafute kimkono. Tuseme michoro inasema kibao kishuke digrii 22 na kipande juu digrii 12 (mfano tu huu, michoro ya mbunifu wa ndege yako ndiyo bosi). Sini ya 22 ni 0.375, ya 12 ni 0.208, jumla 0.583. Sevo ya inchi 0.7 ina milimita 17.8, gawa kwa 0.583, kimkono chako kinatakiwa milimita 30 na nusu. Kwa sevo kubwa ya inchi 1.2 ungehitaji kimkono cha milimita 52, mti mzima huo umesimama kwenye mkia, kwa hiyo jibu ni kubadilisha sevo, si kukata kimkono kirefu. Mimi nilikwenda Katwe kwa jamaa wa lathe akanitobolea kimkono cha matundu matatu, milimita 27, 30.5 na 34, ili nikipata majibu hewani nihamishe rodi tu bila kutengeneza upya. Hilo nakushauri kabisa, ila tundu liwe la kubana pini sawasawa, lisiwe limekulwa na drili ya mkono.

Umeona kwamba chini ni 22 na juu ni 12, haviko sawa? Ni makusudi. Ndege nyingi zinahitaji pua juu zaidi, kwa ajili ya kutua na flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), kuliko pua chini. Kwa hiyo sevo ikiwa katikati ya mwendo wake kibao hakitakiwi kuwa sifuri, kwa mfano wetu kitakuwa kimeshuka karibu digrii 5. Hii unaiweka kwa urefu wa rodi: washa umeme, peleka sevo katikati kabisa (pima kwa venia, usiamini taa za kwenye dashi), halafu zungusha mwisho wa rodi mpaka kipimio kisome 5 chini, ndio ufunge. Watu wengi wanaweka katikati kwa sifuri kwa sababu inapendeza macho, halafu wanashangaa kwa nini kutua wanavuta stiki kama wanavuta ng'ombe, na kwa nini upande wa pua chini una mwendo wa ziada ambao hauna kazi yoyote isipokuwa kukuua siku swichi ikinasa ukiwa kasi.

Na usiweke kipande cha chuma mahali ili kibao kigonge kisimame. Sevo ina swichi zake ndani zinazokata mota mwisho wa mwendo, ukiizuia kabla haijafika inaendelea kusukuma na kitakachoachia ni riveti au sevo yenyewe. Punguza mwendo kwa kimkono.

Mchezo, yaani ulegevu. Elevata bado imefungwa, shika ukingo wa nyuma wa kibao kwa vidole viwili, juu chini taratibu, rula pembeni. Mimi nakubali milimita 2 kwa kibao cha milimita 90, ikizidi sirushi. Ulegevu ni mlango wa flata, kule kutetemeka kwa kasi ambako kunaweza kung'oa kibao, na kibao kikianza kinabeba elevata, elevata inabeba mkia. Tafuta unatoka wapi: pini ya bawaba, tundu la kimkono, mwisho wa rodi, au sevo yenyewe imechoka. Usizibe kwa grisi.

Na nati. Mwaka 2011 kule Reno, Marekani, ndege ya mashindano aina ya P-51 iliyoitwa Galloping Ghost ilipoteza mwelekeo ikaanguka kwenye eneo la watazamaji, wakafa watu 11, rubani mmoja na kumi waliokuwa chini. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani la kuchunguza ajali, walikuta nati za kujifunga za kibao cha trimu zimechoka kile kipete chao cha ndani kinachobana skrubu, skrubu zikalegea, kibao kikaanza flata. Ndege ya mbio ile ilikuwa na kasi ambayo mimi na wewe hatutaifika, lakini nati ni nati. Nati ya nailoni ukiifungua, itupe, weka mpya. Kama unaweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, hiyo haifungi kitu. Nati mpya bei yake hata rolex mbili (zile chapati za mayai) haifiki, sijui kwa nini tunazionea uchungu.

Sasa fungua elevata, iache ijiendee. Peleka trimu mwisho wa chini, halafu sogeza elevata juu mpaka stopu na chini mpaka stopu, taratibu, kichwa chako kiko nyuma kinaangalia: rodi haigusi bati pale inapotokea? Waya hazibanwi kwenye bawaba, zina kikunjo cha kutosha? Rudia trimu ikiwa katikati, rudia ikiwa mwisho wa juu. Halafu washa trimu mwisho hadi mwisho mara ishirini hivi ukisikiliza sauti ya mota, ikibadilika mahali fulani kuna kitu kinasugua. Shika saa pia. Mimi napenda mwisho hadi mwisho ichukue sekunde 15 au zaidi, kwa sababu ikikimbia nikachelewa sekunde 3 (na utachelewa, utakuwa unaongea na redio) iwe imekwenda sehemu ya tano tu. Ikiwa haraka kuliko hapo kuna vifaa vya kupunguza kasi ya mota, weka.

Umeme wenyewe niseme kwa kifupi: fyuzi yake peke yake, ndogo, amp 1, na swichi ya kukata trimu mahali ambapo mkono unafika bila kuangalia. Siyo chini ya dashi kama yangu ile siku. Kama una rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), jua rilei nazo zinaganda. Na ile taa ya kuonyesha trimu iko wapi inasoma sevo, haisomi kibao, rodi ikikatika taa itaendelea kukuambia mambo ni mazuri kabisa. Ndiyo maana kila kabla ya kuruka unaweka trimu ya kupaa na unakwenda nyuma kuangalia kibao kwa macho, na piga alama ndogo ya rangi pembeni ya elevata.

Hewani sasa. Kabla ya hapo ongea na mkaguzi wa mamlaka ya anga, andika mabadiliko kwenye logibuku, na waambie wanaoongoza ndege unakwenda kufanya nini na wapi, kwa sababu hapa kwetu kila kitu kiko karibu na Entebbe. Nenda na urefu wa futi 3,000 juu ya ardhi angalau. Jamani Kajjansi yenyewe iko karibu futi 3,700 juu ya bahari, kwa hiyo futi 3,000 juu ya ardhi saa yako ya urefu inasoma karibu 6,700. Vitabu vimeandikwa na watu wa pwani, wewe uko juu ya ziwa. Na huko juu noti 100 (noti ni maili ya baharini kwa saa) kwenye saa ya kasi ni karibu 111 za kweli, zaidi kama kuna joto, na flata inafuata kasi ya kweli. Kwa hiyo usikaribie mwisho wa kasi siku hiyo kwa kisingizio cha saa.

Majaribio ya kwanza ni kutafuta unahitaji nini. Pakia ndege uzito uwe mbele, kadiri inavyoruhusiwa, flapu zote, injini chini kabisa, kasi ya kuja kutua, halafu peleka trimu mpaka uachie stiki na ikae. Andika ni wapi. Siku nyingine pakia uzito uwe nyuma (ndani ya ruhusa, na usimbebe mtu, tumia mifuko ya mchanga iliyofungwa vizuri), flapu juu, kasi ya juu ya kuruka usawa, tena achia stiki, andika. Ukishuka, weka trimu kwenye zile alama na pima digrii kwa kipimio chako. Hizo mbili ndizo mwendo unaouhitaji. Ongeza digrii mbili kila upande, basi. Mimi kwangu ilitoka 20 chini na 10 juu, ndiyo maana nikaishia 22 na 12, na kumbuka nilikuwa na 37 pande zote mbili, yaani nilibeba zaidi ya nusu ya mwendo kwa ajili ya ajali tu.

Kama uzito uko mbele, kibao kimefika digrii 25 chini na bado ndege inataka trimu zaidi ya pua juu, usiongeze mwendo. Hapo tatizo ni pembe ya stabilaiza au mahali pa uzito. Na kibao kilichoshuka sana kinakula nguvu ya elevata yenyewe, unakuja kutua unavuta stiki yote na pua haipandi vya kutosha.

Jaribio la pili ndilo watu wanaliruka, na mimi naliona ndilo muhimu kuliko yote: kughairi kutua. Bado uko juu, flapu zote, trimu ya kutua, kasi ya kutua, halafu sukuma injini yote kama umeona ng'ombe kwenye ranwei. Pua itapanda. Je unaishikilia kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa unashughulika na flapu na trimu? Ikikushinda pale juu, futi 100 juu ya nyasi itakushinda zaidi.

La tatu ni lile lililonikuta mimi, ila kwa hiari yako. Kasi ya wastani, chini ya kasi ya manuva (Va, kikomo cha kasi cha kusogeza stiki kwa nguvu), ndege imetulia. Shika stiki isisogee, bonyeza trimu sekunde moja, acha, sikia uzito. Rudisha. Sekunde mbili. Tatu. Halafu ndio uende mwisho, taratibu, pua juu kwanza, siku nyingine pua chini. Kupima nguvu mimi nilifunga mizani ya ndoana ile ya kupimia mizigo kwenye stiki kwa kamba. Sheria za Marekani za ndege ndogo, zile za zamani za Part 23, zilikuwa zinaruhusu pauni 60 kwa stiki kwa muda mfupi, kilo 27 hivyo, na pauni 10 tu, kilo 4 na nusu, kwa kushikilia muda mrefu. Kilo 27 zishike wewe ukiwa na hofu, mimi sitaki. Kipimo changu ni kilo 10 kwenye kasi ya safari, trimu ikiwa mwisho kabisa, upande wowote. Ikizidi, nahamisha rodi kwenye tundu la nje, napima tena digrii chini, naanza upya. Ndiyo, upya, kuanzia kule kwa mbao na mpira wa tyubu.

Na kama itakukimbia kweli: kata umeme wa trimu, halafu rudisha kasi yako mahali pazuri. Ikikimbilia pua chini punguza kasi, maana nguvu inakwenda kwa mraba wa kasi, kutoka noti 120 kuja 85 uzito wa stiki unakuwa nusu. Ikikimbilia pua juu sukuma, usiache kasi ife, punguza injini kidogo, ukiona bado inashinda pinda ndege kidogo upande ili pua ishuke yenyewe. Flapu ziache kwanza mpaka ujue zitafanya nini.

Baada ya saa 10 za kuruka fungua vifuniko, angalia nati, pima ulegevu tena, halafu saa 25, halafu kila ukaguzi. Ukipaka rangi kibao au elevata, pima upya ulinganifu wa uzito wa elevata, rangi ina kilo zake.

Ile sevo kubwa sikuitupa. Iko nyumbani Bwebajja inafungua mlango wa banda la kuku asubuhi, na hata huko imeshanasa mara mbili.